Valvu ya tangi la choo kwenye RV (nyumba ya magurudumu) inavuja au imegoma: usafishe, ufunge ya pili kwa nje, au ubadilishe kabisa?

Wakuu, nianze na ndala zangu. Jumamosi moja asubuhi nimetoka na kikombe cha kahawa, nikainama kuzungusha kifuniko cha bomba la majitaka ili nichomeke mpira wa kumwagia, na valvu zote mbili nilishazifunga kwa mkono wangu mwenyewe wiki iliyopita kwahiyo sina wasiwasi kabisa. Kifuniko kulegea tu, fyuuu, maji ya rangi unayoijua yakanishukia miguuni, na ndala nilizotoka nazo Tanga zikaishia kwenye pipa la taka siku hiyohiyo. Bomba la inchi 3 lenye urefu wa nusu mita tu linabeba zaidi ya lita 2, kwahiyo mtu akikwambia valvu yake inavuja "kidogo tu", ujue hicho kidogo kinajikusanya nyuma ya kifuniko kinamsubiri.

Naishi kwenye trela hapa Texas, mwaka wa pili huu, imepaki sehemu ya kulipia kwa mwezi, mimi niko barabarani na lori siku 4 au 5 alafu narudi. Wabongo na Wakenya ninaofahamiana nao wameanza kuniuliza kuhusu haya maisha maana kodi za apatimenti zinauma, na kila mtu anauliza bei ya trela, hamna hata mmoja aliyewahi kuniuliza choo kinaenda wapi. Basi leo ni zamu ya choo.

Kwa ambaye hajawahi kuingia chini ya hizi nyumba, mambo ni mepesi tu. Kuna tangi la choo, wenyewe wanaliita jeusi, na kuna la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, hilo ndo la kijivu. Kila tangi lina valvu yake, ya choo mara nyingi ni inchi 3 na ya kijivu inchi moja na nusu, alafu zinakutana kwenye bomba moja linalotokeza ubavuni na kifuniko mbele. Ndani ya valvu kuna kibao chembamba cha plastiki au cha chuma kisichoshika kutu, kinateleza katikati ya raba mbili kama droo ya kabati, ukivuta mkono wa valvu, yaani kishikio chake, kibao kinatoka njiani uchafu unapita, ukisukuma kinarudi kuziba. Basi, ndo hivyo tu. Tangi la galoni 40 ni kama lita 150, na zote hizo ziko nyuma ya hicho kibao.

Kwanza ujue kinachoumwa ni nini

Hapa ndo wengi tunapoliwa hela. Mtu anaona maji yanadondoka anakimbilia dukani kununua valvu ya choo, anatoa jasho nusu siku kuifunga, kumbe iliyokuwa inavuja ni ya tangi la kijivu.

Kama inavuja fanya hivi. Mwaga matangi yote, la choo kwanza alafu la kijivu lifuate lisuuze mpira, funga valvu zote mbili, acha kifuniko wazi na uweke ndoo chini ya mdomo wa bomba, alafu tumia nyumba kama kawaida mpaka asubuhi. Ndoo ni lazima, kumwaga maji ya choo ardhini hapa Marekani ni kosa la kisheria na majirani wana simu. Mimi nilitia rangi ya chakula ya kijani chooni, ile ya kupakia keki, nikavuta maji mara mbili tatu, usiku nikaoga na kuosha vyombo. Asubuhi ndoo ilikuwa na kama nusu lita na yote ni ya kijani. Kwahiyo mgonjwa ni valvu ya choo, ile ya kijivu haina kesi. Ingekuwa maji yana povu la sabuni bila kijani ningejua ni upande wa pili, na ukikuta vyote viwili basi pole mkuu.

Kama tatizo ni mkono mgumu, au mkono unavutika vizuri lakini hakuna kinachotoka, angalia kwanza kama valvu yako ni ya kuvuta moja kwa moja au ya waya. Trela nyingi za siku hizi matangi yamefunikwa kwa chini na shuka la plastiki, valvu imejificha huko juu na wewe unavuta mkono ulio mbali nayo, katikati kuna waya ndani ya kava lake. Ukitaka kuielewa fikiria waya wa klachi wa bodaboda. Klachi ikiwa ngumu hukimbilii kufungua injini, unachomoa waya kwanza uone. Huku ni vilevile, mwaga tangi kama inawezekana, ingia chini, chomoa waya pale unapoungana na valvu, shika kale kachuma ka valvu kwa plaizi uvute na kusukuma. Kakiteleza vizuri, valvu ni mzima na waya ndo umechoka, una kutu, au umekunjwa kona kali mno. Kakiwa kagumu vilevile, waya hauna kosa. Na kama mkono ulikuwa unavutika kirahisi kama hauna mzigo, mara nyingi waya umechomoka tu kwenye kiskrubu kinachoubana, unarudisha unakaza unaenda zako kunywa chai.

Kipimo hicho ni cha dakika 10 na kinaokoa hela nyingi kuliko yote ninayoandika hapa chini.

Kusafisha au kununua?

Ukinunua valvu mpya kabla hujajaribu kusafisha ni sawa na mtu anayebadilisha kitasa kwa sababu funguo imeingia mchanga. Kibao kile kinatembea kwenye mfereji, na kwenye mfereji ndo karatasi za chooni zinapojibana, na maji ya chumvichumvi yanaacha magamba. Kibao kikifika mwisho kinakutana na kipande cha karatasi, kinabaki na mwanya kama ukucha, na huo mwanya unatosha kabisa kukuharibia Jumamosi.

Kusafisha kunataka uvumilivu na maji. Jaza tangi maji mpaka theluthi mbili hivi, unganisha mpira wa kumwagia vizuri, alafu fungua kwa nguvu yote yaondoke kwa kishindo, funga, fungua, funga, fungua, jaza tena rudia. Mimi mara ya tatu ndo nikaona kwenye kiungio cha plastiki angavu cha mpira wa kumwagia kimepita kitu kama tambi ndefu ya karatasi iliyogandamana, na kwa siku nne ndoo ikawa kavu. Siku ya tano kijani kikarudi. Kwahiyo kwangu kusafisha kulipunguza hakukumaliza, ila jirani yangu, mzee mmoja wa hapahapa ambaye ameishi kwenye haya matrela kabla mimi sijajua kuendesha gari, anasema yeye miaka yote ni hivyo tu, hajawahi kununua valvu.

Kulainisha nako kuna maneno mengi. Kuna wanaomimina mafuta ya kupikia chooni, na kweli mkono unalainika siku hiyohiyo, lakini mafuta ya mbegu yakikaa yanaganda kama kwenye kikaango usichoosha, baada ya muda yanakuwa gundi. Vaselini na grisi ya gari viache, mafuta yanayotokana na petroli yanaweza kulegeza na kuvimbisha raba. Spirei ya silikoni ndo ya kupuliza kwenye kachuma ka mkono, na kuna vilainishi maalumu vya valvu hizi unamimina chooni au kwenye sinki wakati tangi liko tupu alafu unavuta mkono mara kadhaa. Gharama yake ndogo, muda wake mdogo, ila kinatibu ukavu na uchafu tu, raba iliyochanika huwezi kuipulizia spirei ikaota.

Kufunga ya pili kwa nje au kubadilisha ya ndani

Hapa ndo pana ubishi wenyewe na mimi nimetumia zote mbili kwahiyo naongea nilichoona.

Kuna valvu inayokaa pale mdomoni pa bomba, unaizungusha kama unavyozungusha kifuniko, meno manne yanashika, kifuniko kinahamia mbele yake. Bei ni dola 20 na kitu mpaka 30 hivi kutegemea duka, haitaki spana, haitaki kulala chini ya trela, dakika moja imeisha. Ile ya ndani ikivuja, uchafu unaishia hapo, na wewe ukifika unaunganisha mpira kwanza ndo unaifungua, miguu inabaki mikavu. Kwa mtu aliyepanga trela ya mtu, au anayehama mwezi ujao, au hana hela mpaka mwisho wa wiki, hii ndo jibu, sitaki hata kubishana.

Lakini ina mambo yake, na hayaandikwi kwenye pakiti. Valvu ya choo inavyoendelea kuvuja nyuma yake, lile bomba la pamoja linajaa uchafu wa choo. Sasa wewe siku unafungua valvu ya kijivu kabla ya kufungua ile ya nje, uchafu unapata njia ya kurudi kwenye tangi la maji ya kuoga. Mimi nilifanya kosa hilo mara moja tu na bafu lilinuka siku tatu, nikawa nasugua sinki kwa sabuni na jiki huku nikijua kabisa harufu inatoka wapi. Pili, wengi waliopaki muda mrefu wanaacha valvu ya kijivu wazi ili maji ya kuoga yaende moja kwa moja, ukishaweka hii ya nje na unaifunga, huo uhuru umekwisha. Tatu, wakati wa baridi yale maji yaliyosimama bombani ndo ya kwanza kuganda maana bomba liko nje halina blanketi.

Kubadilisha ya ndani kwenyewe ni bolti nne. Naomba usicheke, ni bolti nne kweli, kwenye maandishi ni kazi ya saa moja na kwangu ilikuwa kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu mchana. Bei ya valvu na raba zake mbili ni kama dola 20 hadi 40. Unaosha tangi mpaka maji yatoke meupe, usiku unalala hujatumia choo, asubuhi unaweka beseni chini maana hata tangi "tupu" lina salio lake, unavaa glavu ndefu na miwani, unafungua bolti, unapanua bomba kidogo, unaichomoa valvu kwa chini.

Nilipoitoa ya kwangu ndo nikaelewa. Kibao kizima, hakina hata mkwaruzo, ila raba ya upande wa tangi ilikuwa imejikunja kwa ndani sehemu moja, kama kola ya shati iliyopigwa pasi vibaya, na pale ilipokunjika imekatika urefu wa kama punje mbili za mchele. Nusu lita kila usiku inapita hapo. Hakuna kusafisha kungemaliza hiyo.

Na kosa hilohilo ndo rahisi kulifanya ukifunga mpya. Raba zina mdomo unaoingia kwenye mfereji wa bomba kila upande, ukisukuma valvu kwa haraka inaivuta raba na kuikunja, unakaza bolti kwa raha zako, baada ya siku mbili inavuja ikiwa mpya kabisa na unaanza kutukana duka. Paka raba silikoni au hata maji ya sabuni, zikalishe kwenye mifereji yake kwa kidole uzungushe uhakikishe, mwingine akusaidie kupanua bomba wakati wewe unateremsha valvu katikati. Bolti kaza kwa msalaba, hii kidogo alafu ya mkabala wake, usizikaze kama za gurudumu la lori, ni plastiki ile. Kama bomba halina nafasi ya kupanuka hata kidogo itabidi ukate na kuunga kwa kiungio cha mpira chenye mikanda miwili ya kubana, na hapo kama hujawahi kushika msumeno afadhali uite fundi.

Fundi wa kukufuata ulipopaki yupo, analipisha kwa saa na anaweka nauli yake juu, mimi niliambiwa dola 350 kwa hii kazi. Sisemi kaiba, kama valvu yako imejificha juu ya lile shuka la plastiki na huoni hata bolti ziko wapi, 350 unaweza kuiona nafuu ukishalala chini saa mbili na tochi mdomoni. Ya kwangu ya choo ilikuwa wazi, nikajifanyia.

Kwahiyo nikipima hizi mbili: nje ni haraka na inaficha ugonjwa, ndani ni mateso ya siku moja na ugonjwa unaisha. Aliyepaki na ana mpango wa kukaa mwaka abadilishe ya ndani, na ile ya nje ainunue vilevile aifunge kabla hajaanza kazi, abaki nayo.

Tangi likiwa limejaa na mkono umegoma

Hii iko peke yake kwa sababu ni hatari. Tangi limejaa, valvu haifunguki, alafu mtu anakwambia fungua zile bolti nne. Usifungue. Lita 150 hazina breki. Kama ni ya waya na waya ndo umekatika, unganisha mpira kwanza mpaka kwenye shimo la majitaka, alafu ingia chini uvute kale kachuma kwa plaizi, mara nyingi inakubali. Kama kibao chenyewe ndo kimeganda na mkono umeng'oka, mimina kilainishi kwa juu chooni, subiri usiku, jaribu tena kwa kuvuta na kusukuma kidogokidogo sio kwa hasira. Ikikataa kabisa kuna magari ya kunyonya majitaka kama yale ya kwetu, yanakuja mpaka ulipopaki na yanaweza kuingiza mpira wao kwa juu kupitia chooni, likishakuwa tupu ndo unagusa bolti. Na sigara zima, kwenye matangi haya kuna gesi inayowaka.

Baridi ni jambo jingine. Februari 2021 Texas yote iliganda, watu wa nyumba za matofali walipasukiwa mabomba sembuse sisi wa kwenye magurudumu. Ikiwa nje ni chini ya nyuzi 0 za Selsiasi na mkono haujongei, usilazimishe, utakata waya au kung'oa kibao kwenye kachuma chake. Pasha kwa mashine ya kukaushia nywele, taratibu, moto wa gesi hapana. Na kabla baridi haijaja weka ile dawa ya pinki ya RV isiyoganda, kiasi kwenye kila tangi ili ikae pale kwenye valvu.

Mkono, waya, au umeme

Ukiamua kubadilisha utajiuliza uweke ya aina gani. Ya kuvuta moja kwa moja haina kitu cha kuharibika zaidi ya raba na kile kishikio, ambacho kikikatika ni dola chache na unakizungusha kama taa. Ubaya wake uifikie kwa mkono.

Ya waya unakaa mbali unavuta, lakini kila kona ya waya ni ugonjwa unaokuja. Ukinunua waya mpya pima urefu wa ule wa zamani, usichukue mrefu zaidi eti utakunja, na usiukunje kona kali.

Ya umeme ni swichi, inatumia volti 12, kamota kanavuta kibao. Tamu sana kwa anayesafiri kila wiki, kwa mzee mwenye mgongo mbovu, au valvu iliyojificha mahali ambapo mkono haufiki. Bei yake unaweza kununua kadhaa za mkono. Alafu ikigoma unaanza safari ya pili, fyuzi, betri, waya wa ardhi (ground), swichi, mota, na bado mwisho wa yote unakuta ni karatasi imejibana kwenye mfereji kama kawaida. Nyingi zina namna ya kufungua kwa mkono umeme ukikataa, usinunue isiyo nayo. Kwangu mimi niliyepaki, namwaga mara moja kila siku 10, kuweka mota ni kununua kengele ya mlango kwa nyumba isiyopata wageni.

Na wewe unayesema dawa ni kuacha valvu ya choo wazi muda wote kwa kuwa umepaki na bomba liko hapo, hapana ndugu. Maji yanakimbia mango yanabaki, yanakauka na kujenga kichuguu chini ya choo, na siku utakayotaka kuifunga hiyo valvu ndo utakuta mfereji umejaa saruji. Ya kijivu acha wazi ukitaka, ya choo ifungwe, umwage tangi likifika theluthi mbili.

Mimi sasa hivi ya choo ni mpya ya kuvuta kwa mkono, ya nje nayo ipo na naiacha wazi, ndoo iko kavu toka nibadilishe. Ya tangi la kijivu bado ni ya waya, inakwaruza nikivuta na najua kinachokuja, raba zake mbili nishazinunua ziko kwenye droo ya vijiko.